Amplifaya ya zamani au ya kisasa? Kabla hujatoa pesa, pitia hapa

KandoYaZiwa (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Siku hizi ukifungua kurasa za kuuza na kununua, haipiti siku bila kukutana na picha ya risiva (amplifaya yenye redio ndani) ya rangi ya fedha, kioo cha stesheni kinawaka bluu, na chini yake maneno matatu: "Orijino, inapiga safi." Bei haijadiliwi. Ukiuliza ilifanyiwa sevisi lini, muuzaji anakujibu kwamba haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, na anasema hivyo kwa majivuno.

Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira. Amplifaya ya mwaka 1975 ambayo haijawahi kufunguliwa hainipi hamu, inanitia wasiwasi. Ndani yake mna kapasita za elektroliti, zile mikebe midogo yenye kimiminika, na hicho kimiminika hukauka hata mashine ikiwa imezimwa. Joto ndilo linalozimaliza upesi: kwa hesabu ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha ya kapasita hupungua karibu nusu. Sasa chukua mashine iliyokaa Kisumu miaka yote hiyo, juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufumwa ili ipendeze. Matundu ya kupumulia yote yamezibwa na urembo.

Msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga: jina lililoandikwa mbele lina uzito mdogo kuliko hali ya vitu vilivyo ndani na stima inayoingia kwa nyuma. Niwekee Marantz 2270 mgonjwa na NAD 3020 iliyohudumiwa, nitabeba NAD bila kugeuka.

Kwa wasiozijua: 2270 ni risiva ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wati 70 kila upande. Ni nzito, ni nzuri machoni, na ikiwa na afya sauti yake ni tamu kweli, sina ubishi. NAD 3020 ilitoka 1978, kazi ya Erik Edvardsen, boksi la rangi ya makaa lisilo na urembo wowote. Kwenye karatasi ni wati 20 tu. Lakini ilijengwa na akiba ya nguvu, kwa hiyo upinzani wa spika ukishuka hadi omu 2 kwenye mdundo mzito haikatiki pumzi.

Tuongee. Nani anatumia nini, na fundi wako ni wa kuaminika?

MsikilizajiTu (Bungoma)

Nafuata uzi. Ila niulize: wofa yangu ya sokoni imeandikwa wati 12,000 kwenye katoni. Hiyo ya wati 20 si ni redio ya jikoni?

KandoYaZiwa (Kisumu)

Omera, geuza hiyo wofa uangalie fyuzi yake. Kama ni ya ampea 3, kwa volti 240 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 720 mfululizo, na sehemu ya hizo inaishia kuwa joto. Hizo elfu kumi na moja na ushee zinatoka wapi? Zinatoka kwa mchoraji wa katoni. Huo ndio mchezo wa PMPO: hesabu ya kilele cha nukta ya sekunde ambacho spika yenyewe haijawahi kukiona.

Wamarekani walichoka na mchezo wa aina hii mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ililazimisha kampuni zitangaze wati za mfululizo, zikitaja omu, masafa na kiwango cha uchafuzi wa sauti, yaani amplifaya inavyoipotosha. Kabla ya kipimo, amplifaya ilitakiwa kwanza ifanye kazi saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Amplifaya nyingi hutokota zaidi karibu na hapo kuliko zikiwa wazi kabisa, kwa hiyo viwanda vililazimika kuweka mapezi makubwa ya kupoza. Ndiyo maana Pioneer SX-1250 ya 1976, wati 160 kila upande, inahitaji watu wawili kuipandisha mezani.

Tena wati zinadanganya masikio. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa mita 1, ukiipa wati 20 inafika 100. Hapo jirani ameshabisha mlango.

Section58 (Nakuru)

Nimesoma na nimecheka. Mimi niliuza uzee wote, nikabaki na boksi la Klasi D, amplifaya za kisasa zinazowasha na kuzima transista kwa kasi kubwa, linaloingia kwa mkoba. Acheni niwe mpinzani wa uzi.

Moja, stima. Amplifaya ya Klasi A, ile ambayo transista zake hazizimiki kamwe, inavuta karibu nguvu ileile iwe inapiga au imenyamaza. Ikiwa inavuta wati 300 ukiwa umekaa tu unachagua wimbo, saa nne za jioni ni uniti 1.2 za tokeni zilizogeuka joto. Nakuru tuna baridi, labda mtasema ni hita. Nyinyi wa Kisumu mtaelezaje? Klasi D inapeleka kitu kama asilimia 90 ya umeme kwenye spika, na ukiigusa ni vuguvugu tu.

Pili, ile hadithi kwamba Klasi D inakwaruza masikio ilikuwa na ukweli zamani. Tangu mbunifu Bruno Putzeys atoe kazi zake akiwa kwenye kampuni ya Hypex na baadaye Purifi, uchafuzi wa sauti umeshuka chini ya kile amplifaya nyingi za kifahari za zamani ziliweza kukiota. Marantz wenyewe, hao mnaowasujudia, Model 30 yao ya 2020 ina moduli za Hypex ndani. NAD M33 ya mwaka huohuo ina Purifi. Na kwa mtu wa mfuko mdogo, yale maboksi yenye chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments yanaendesha spika za sebuleni bila jasho.

Tatu, kuhusu "utamu". Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa amplifaya wa Marekani, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile wachague amplifaya yoyote ghali waipendayo, naye angefanya amplifaya yake ya transista isikike vilevile. Wakamletea ya valvu, zile taa za kioo zilizotangulia transista, ya bei ya kutisha. Alijifungia kwenye chumba cha hoteli na vifaa vyake, akarekebisha yake mpaka wale wahariri wakashindwa kuzitofautisha. Sehemu kubwa ya ladha ya valvu ni upinzani mkubwa wa mlango wa kutokea, unaoiachia spika nafasi ya kupinda sauti kidogo huku na kule. Ni kasoro inayopendeza. Sikatai kwamba inapendeza, lakini tuite kitu jina lake.

FundiWaMvua (Kakamega)

Nimeitwa na mtu kwa inboksi nije nitie neno. Niko na chuma cha kulehemu mkononi, nitaandika nikipumzika.

Section58, sayansi yako siipingi. Mimi napinga jambo moja tu: siku hilo boksi lako likikufa. Vipuri vyake ni vidogo kama punje za mchanga, bodi ina matabaka, mchoro wa sakiti hautolewi. Nitabadilisha bodi nzima, na kama haiuzwi tena unabaki na mkebe wa alumini. Sansui ya 1977 ikija hapa, mchoro wake upo, rizista inaonekana kwa macho, transista ni zile za kofia ya chuma zilizofungwa kwa skrubu mbili. Nafungua, napima, natoa, naweka.

Sasa kwa wanunuzi. Usichomeke amplifaya iliyolala miaka moja kwa moja ukutani. Tafuta balbu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60 au 100, zile ambazo wafugaji huwashia vifaranga. Iunge kwa mfululizo kwenye waya wa moto kabla ya mashine, spika zikiwa hazijaunganishwa. Ukiwasha, balbu itang'aa mara moja kapasita zikijaa, kisha ififie. Ikiendelea kung'aa kwa nguvu, kuna shoti ndani. Zima, hujachoma kitu. Zile balbu za kuokoa stima hazifanyi hii kazi, msijaribu.

Ikifaulu hapo, weka mita kwenye DC milivolti, pima sehemu za kufungia spika, sauti ikiwa sufuri, baada ya kama dakika kumi. Chini ya milivolti 50, endelea kwa amani. Ikipita 100, nataka kuiona kwanza. Ikisoma volti nzima, usithubutu kuifunga spika, itakaanga koili ya wofa na utasikia harufu kabla hujasikia muziki. (Amplifaya ya valvu msiwashe bila spika hivi. Transfoma yake ya kutokea haipendi kabisa kuachwa wazi.)

Halafu mambo madogo yanayowafanya watu wauze mashine nzima kwa bei ya vyuma chakavu:

Kitufe kimeandikwa "Tape Monitor". Kikiwa kimebonyezwa, mashine inatafuta kaseti ambayo haipo, kwa hiyo kimya, hata uchague nini.

Nyuma kuna matundu ya "Pre Out" na "Main In" yaliyounganishwa kwa vipande vidogo vya chuma vyenye umbo la U. NAD 3020 inavyo, risiva nyingi za Marantz pia. Mtoto akivitoa kuchezea, priampu (sehemu ya kwanza inayopokea na kukuza mawimbi madogo) imetengana na pawa inayosukuma spika, taa zinawaka lakini sauti hakuna. Juzi kijana kaniletea moja akiapa imeungua. Nilikata vipande viwili vya waya mnene, nikachomeka, ikaimba. Alikuwa tayari ameahidi kuiuza kwa jirani.

Sauti inakuja upande mmoja mpaka upige ngumi: ni rilei ya spika imepata kutu, au swichi chafu. Nobu ya sauti inakwaruza: dawa ya kusafishia viunganishi, zungusha huku na huku, kwisha.

Na wadudu! Mashine za kutoka Dunga na kando ya ziwa huja na vijidudu vya ziwa vimekaukia kati ya mapezi ya kupoza, tabaka nene, hewa haipiti. Moja nilifungua nikamkuta mjusi kafiri amelala juu ya vituo vya transfoma, mkavu kabisa, na fyuzi imeenda naye.

BaridiYaKericho (Kericho)

Fundi nakuheshimu. Mimi ni wa Quad, nina jozi ya 33 (priampu) na 303 (pawa) iliyotoka kwenye nyumba ya shamba la chai. Zilianza kuuzwa 1967, Uingereza, kazi ya Peter Walker na wenzake. Wati 45 tu kila upande, lakini watu wa huku husahau jambo la maana: mashine ya Mwingereza ilizaliwa kwenye volti 240 na hezi 50. Inaingia ukutani kwetu bila transfoma, bila sala. Kabla mtu hajalipa usafiri wa kuleta risiva kutoka Marekani, aangalie kwanza kama kuna Quad, Leak au Naim karibu.

Kero yake ni matundu ya DIN ya pini tano. Utahitaji waya maalumu, au fundi akutengenezee.

Fundi, nilipima DC kama ulivyosema, inasoma sufuri kabisa. Nifurahi?

FundiWaMvua (Kakamega)

Furahi nusu, mzee wangu. 303 ina kapasita kubwa kati ya transista na spika, hiyo inazuia DC yote. Sufuri hapo haikuambii hali ya ndani. Zenyewe hizo kapasita ndizo za kuangaliwa: zikichoka, besi inakuwa nyembamba polepole mpaka unazoea bila kujua. Zilete siku moja nizipime.

MsikilizajiTu (Bungoma)

Na hizi zinazotoka Japani kwenye kontena? Kuna jamaa Busia ana Sansui na Accuphase, bei nzuri. Plagi ina miguu miwili bapa.

KandoYaZiwa (Kisumu)

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kusoma bei. Zilizouzwa Japani kwenyewe ni za volti 100. Ukiichomeka kwa 240 zetu, umemaliza mchezo kabla ya kuanza. Nyingi zilizotengenezwa kwenda nje zina kiteuzi cha volti nyuma, cha kuzungusha kwa bisibisi: 110, 120, 220, 240. Hizo ndizo tamu.

Ya volti 100 inatumika, ila kwa transfoma ya kushusha yenye nguvu ya kutosha. Angalia wati ambazo mashine inavuta, kisha nunua transfoma ya angalau mara moja na nusu yake. Zile ndogo za kuchaji simu na kinyozi achana nazo. Na hakikisha inatoa 100. Nyingi hutoa 110, na stima yetu ikipanda usiku wa manane unakuta mashine inakula 115.

Habari njema ni kwamba Japani ina hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, kwa hiyo transfoma za Wajapani zilijengwa kuvumilia zote mbili. Ya Mmarekani iliyoandikwa "60 Hz" pekee haina uvumilivu huo. Hata ukishusha volti vizuri, kwa hezi 50 transfoma yake inabeba mzigo wa sumaku zaidi kwa asilimia 20, inavuma na kuchemka.

Na kama ni risiva, redio yake inaishia 90. Enzi hizo FM ya Wajapani ilikuwa 76 mpaka 90, kama kwenye magari yao mengi tunayonunua. Stesheni zetu nyingi hutazipata. Kwa gari unafunga kale kadude ka kushusha masafa. Kwa risiva mimi huwashauri watu wanunue amplifaya tupu, redio waachane nayo.

DadaWaSanturi (Kisumu)

Mmeongea pawa tu, wanaume wa wati. Priampu mmeiacha mlangoni.

Nina santuri za benga na rumba, nyingi za ukubwa wa 45, nimezikusanya soko la Kibuye siku za Jumapili na kwa akina mama waliotaka kupata nafasi kabatini. Kwa msikilizaji wa santuri, pesa ya kwanza iende kwa priampu. Sindano ya kawaida ya sumaku inatoa kama milivolti 5. Mashine ya CD inatoa volti 2. Yaani kile kinachotoka kwenye santuri kinahitaji kukuzwa kama mara 400 kabla hata ya kufika pale CD inapoanzia. Chafu yoyote hapo, mvumo wowote wa waya, nao unakuzwa mara 400.

Halafu kuna RIAA, kanuni ya kurekebisha sauti za santuri. Wakati wa kukata santuri wanapunguza besi, kwa sababu mifereji ya besi ingekuwa mipana na sindano ingeruka, na wanaongeza sauti za juu ili zishinde mchakacho. Priampu inarudisha kinyume: kwenye hezi 20 inainua karibu desibeli 20, kwenye hezi 20,000 inashusha karibu desibeli 20. Kampuni zilikubaliana kipimo hicho katikati ya miaka ya 1950. Ukichomeka santuri kwenye tundu la "Aux" unasikia sauti ya mbu ndani ya chupa, na watu wanasema santuri imeharibika.

Hapa natetea uzee kwa moyo wote. Amplifaya nzuri za miaka ya 1970 zilijengwa wakati santuri ndiyo iliyokuwa mfalme, na priampu yake haikuwa ya kuongezea tu. Yale maboksi mepesi ya priampu ya siku hizi, ya bei rahisi, mengi hayaifikii hata ile ya ndani ya 3020. Section58, boksi lako lina tundu la santuri?

Na kwa anayefikiria vitu vya Marekani: kama ni pleya ya santuri inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, yenye mota ya AC ya hezi 60, kwetu inazunguka polepole. 33 inakuwa kama 28. Mwimbaji wa kike anageuka mzee wa kanisa. Kampuni nyingi zilitengeneza puli ya hezi 50 ya kubadilisha. Ulizia hiyo kabla ya kulipa.

Section58 (Nakuru)

Dada, halina. Nakubali hilo bao. Ila priampu ya kando naweza kuinunua na kuibadilisha nikitaka, nyinyi mmefungwa na iliyomo. Na CD yako ya volti 2 kwenye amplifaya iliyotarajia milivolti 150, si inapiga kelele ukigusa nobu tu?

DadaWaSanturi (Kisumu)

Inapiga, ndiyo. Ikifika saa tatu kwenye nobu imeshajaza nyumba. Ndiyo maana watu hudhani amplifaya zao zina nguvu za ajabu. Kuna vipunguza mawimbi vya kuweka kwenye waya, havina gharama, na vinakurudishia nafasi ya kurekebisha.

KandoYaZiwa (Kisumu)

Niongeze kwa Section58. Vipimo vyako vya uchafuzi mdogo ni vya kweli, ila vinanihusu kiasi gani? Hapa paa ni mabati. Mvua ya alasiri ikianza, hakuna Purifi wala McIntosh itakayoshindana nayo, unazima unaenda kunywa chai. Pesa ya kutoka kwenye amplifaya nzuri kwenda kwenye amplifaya bora kabisa, mimi ningeiweka kwenye spika, kisha dari ya mbao na pazia zito. Mtu wa Milimani mwenye dari ya zege na kapeti ananisikia tofauti, sawa.

MsikilizajiTu (Bungoma)

Swali la mwisho kisha nilale. Valvu je? Nimeona McIntosh MC275, roho imeniruka.

BaridiYaKericho (Kericho)

Roho yako ina macho. Ilitoka 1961, wati 75 kila upande kwa valvu nne za KT88, na toleo lake bado linatengenezwa Binghamton, New York. Bei yake ni ya ploti. Ukitaka kuonja valvu anza na ndogo ya EL84 au EL34, mpya, yenye warantii, na iwe na kizimba cha chuma juu kama una watoto nyumbani. Ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita zinashikilia hizo volti hata ukishang'oa plagi. Hapo si pa kujifunzia kulehemu.

MsikilizajiTu (Bungoma)

Basi narudi kwa 3020. Kuna moja Webuye, mwenyewe anasema inanyamaza upande wa kushoto. Niiache?

FundiWaMvua (Kakamega)

Usiiache. Nenda na bisibisi na kipande cha waya. Angalia vile vyuma vya U nyuma, vitoe uvirudishe. Kisha geuza waya za kuingilia, kushoto uweke kulia. Ukimya ukihama, kosa liko kwenye chanzo au waya. Ukibaki kushoto, na spika yenyewe ni nzima, kosa liko ndani ya mashine, mwambie apunguze bei na uniletee. Usije jioni ya radi lakini: mvua ikianza kunguruma huku mimi hung'oa plagi zote na waya wa ariali, nafunga duka.